Akaunti Mama

Alhamisi moja, saa nane mchana, Mtaalamu alikuwa akimfundisha mhudumu mpya wa mapokezi namna ya kutumia fomu ya tovuti, na alikuwa akifaidi kila dakika. Kuna watu hufundisha ili mwenzao ajue. Yeye alifundisha ili ajisikie. Jina hilo la Mtaalamu hakupewa na chuo chochote. Alijipachika mwenyewe aliporudi kutoka mafunzo ya siku tatu akiwa na cheti chenye muhuri wa dhahabu, na wenzake wakalikubali kwa sababu kulikataa kungewaletea hotuba.

Hapo palikuwa karakana ya miguu ya bandia. Chumba kimoja kirefu, madirisha upande mmoja, meza nne za mafundi zenye jiliwa la kubania na tupa, na vumbi la plasta lililoingia mpaka kwenye vikombe vya chai. Meza ya kwanza walipima, ya pili walichonga, ya tatu waliunganisha. Ya nne, ile ya pembeni karibu na stoo, ilikuwa ya matengenezo: goti likilegea, mkanda ukikatika, au mtoto akirefuka kuliko mguu wake, kazi ilikuwa ya meza ya nne. Aliyeikalia alikuwa shemeji yake Mtaalamu, kaka mkubwa wa mke wake, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache.

Zamani wagonjwa walipiga simu, na simu ilikuwa moja, na ilikuwa na watu kutwa. Mwaka uliopita Mtaalamu akamshawishi mkuu wa karakana, mama mmoja wa haraka haraka asiyependa kurudia neno, wafungue fomu kwenye tovuti. Mgonjwa anaandika jina lake na namba ya simu, anachagua anachotaka, anaeleza shida, anabonyeza "Tuma", na barua inakwenda moja kwa moja kwa fundi anayehusika. Kila fundi na akaunti yake. Mkuu alitaka kuita kampuni. Mtaalamu akasema kampuni ya nini na yeye yupo.

"Sasa ona hapa," alimwambia mhudumu, akimsogezea kiti karibu na kompyuta. "Wengine wangejaza kila kitu upya kwa kila mtumiaji. Jina, neno la siri, barua ziende wapi, jibu la papo hapo liseme nini. Kazi ya kijinga. Mimi nina Akaunti Mama."

"Akaunti Mama?"

"Akaunti moja niliyoipanga vizuri tangu mwanzo. Akija mtu mpya naifanyia nakala, nabadilisha jina na neno la siri, kwisha. Mtoto anarithi kila kitu kwa mama yake."

Ujanja huo aliutoa mbali. Kabla ya cheti alikuwa karani wa masjala miaka ishirini na miwili, na huko alikuwa na faili mama: faili moja tupu lenye kila karatasi mahali pake, ambalo kila faili jipya lilitengenezwa kwa kulifuata. Halikuwahi kumwangusha hata siku moja, kwa sababu karatasi tupu haina pa kwenda.

Alibonyeza "Nakili", akaandika jina la mhudumu, akampa neno la siri. Mhudumu, ambaye alikuwa na tabia ya kusoma kila kilichoandikwa mbele yake, akainama kwenye kioo.

"Samahani, kaka. Hapa pameandikwa barua ziende kwa Jaribio. Jaribio ndiye nani?"

"Aa, hilo ni sanduku langu la majaribio. Nilikuwa nalitumia kuipima fomu kabla hatujaifungua kwa watu."

"Kwa hiyo barua zangu zitakwenda kwake?"

"Hapana, hapo unabadilisha kwa mkono, unaweka anwani ya mwenyewe. Usipobadilisha ndiyo zitakwenda..."

Hakumaliza. Akaunti za mafundi watatu wa kwanza alizipanga siku moja, mkuu akiwa amesimama nyuma yake, na anwani alizibadilisha moja moja kama anayesoma dua. Ya shemeji yake aliifungua wiki mbili baadaye, kwa sababu shemeji alikuwa likizo. Aliikumbuka asubuhi hiyo vizuri kuliko alivyopenda. Mkuu alikuwa anamwita nje apigwe picha ya ubao wa matangazo, "Mbunifu Wetu wa Mwaka", naye akabonyeza nakili, jina, neno la siri, hifadhi, akatoka mbio huku akirekebisha kola.

"Nenda kanywe chai," akamwambia mhudumu.

"Nimeshakunywa."

"Kanywe nyingine."

Alipobaki peke yake alilifungua sanduku la Jaribio. Neno la siri lilimkataa mara mbili, maana alikuwa amelisahau, na mara ya tatu likakubali. Barua mia moja arobaini na tatu. Hakuna hata moja iliyokuwa imefunguliwa, na wote walioandika walikuwa wamechagua kitu kimoja: matengenezo. Miezi minane.

Alifungua moja, akafungua nyingine. Mzee mmoja wa miguu miwili ya bandia aliandika kwamba goti la kushoto linapiga kelele na msikitini watu wanageuka. Dereva mmoja alisema mkanda umekatika, ameufunga kwa waya, waya unamchoma. Halafu alikuwepo mama mmoja aliyeandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa ya adabu na maelezo mengi: binti yake ana miaka kumi na mmoja, amerefuka, mguu umebaki mfupi, anakwenda akiyumba. Ya pili ilikuwa fupi. Ya tatu aliuliza kama kuna karatasi alisahau kuambatisha. Ya nne ilisema: "Naona mna kazi nyingi. Tumeshona kitambaa tukakiweka ndani ya kiatu. Samahani kwa kuwasumbua."

Samahani kwa kuwasumbua! Mtaalamu aliisoma sentensi hiyo mpaka herufi zikaanza kucheza. Na kila mmoja wao, kila aliyebonyeza "Tuma", alikuwa amepata jibu papo hapo: "Asante kwa kutuandikia. Fundi wetu atakujibu ndani ya siku mbili." Maneno hayo aliyatunga yeye mwenyewe. Waliopiga simu nao aliagiza waambiwe wajaze fomu, kwa maana simu ni mambo ya kizamani.

Hayo peke yake yangetosha kumtia mtu aibu ya mwaka mzima, lakini alikuwa na mengine. Kila mwisho wa mwezi ni yeye aliyempelekea mkuu ripoti ya barua, yenye nguzo za rangi: buluu kwa vipimo, kijani kwa miguu mipya, njano kwa maulizo. Matengenezo, sifuri. Mwezi wa tatu alisimama katikati ya karakana na karatasi yake mkononi akasema, "Shemeji, nguzo yako imeliwa na mchwa!" Watu wakacheka. Shemeji na shemeji ni watani, nani angemkataza? Mwezi wa tano akambatiza jina. Kwa kuwa wagonjwa wa jirani tu, wanaofika kwa miguu yao, ndio waliokuwa wakimpa kazi mbili tatu kwa wiki, na saa zilizobaki alikaa, Mtaalamu akamwita Stuli. Jina lilishika kama gundi. Hata mfagizi alikuwa akisema, "Naomba nipite, Mzee Stuli."

Na kesho yake, Ijumaa saa nne, kilikuwa kikao. Mkuu, kwa kusoma zile sifuri nane, alikuwa ameamua meza ya nne ifungwe, pale pawekwe rafu za viatu, na shemeji aende nyumbani mwisho wa mwezi.

Mtaalamu aliendelea kufungua barua, sasa bila kujua anatafuta nini, na katikati yake akakuta moja isiyo ya mgonjwa. Ilikuwa ya mwezi wa tatu. "Mimi ni fundi wa matengenezo, ninajaribu kama barua zinafika. Shemeji, ukiisoma hii naomba uniambie taratibu, tuitengeneze wenyewe, tusije tukaaibishana mbele za watu." Chini yake, kwa tarehe na dakika ile ile, kulikuwa na jibu: asante, fundi wetu atakujibu ndani ya siku mbili. Fundi aliahidiwa kujibiwa na fundi.

Ndipo alipokumbuka. Shemeji alikuwa amemfuata, si mara moja, mara tatu, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Shemeji, hebu ichungulie fomu yangu." Na mara ya tatu, mbele ya watu, Mtaalamu alimjibu, "Fomu haina kosa. Labda kazi yako ni nzuri mno, haiharibiki!" Kicheko cha siku hiyo kilisikika mpaka mapokezini. Akili nyingi huondoa maarifa, wahenga walisema, na yeye hata maarifa ya kuondolewa hakuwa nayo mengi.

Juu ya orodha kulikuwa na kijisanduku cha kuchagua zote. Alikibonyeza. Barua mia moja arobaini na tatu zikageuka buluu kwa pamoja, na pembeni likatokea neno "Futa". Tusimsingizie, hakulibonyeza. Lakini mkono ulikaa pale muda mrefu kuliko unavyotakiwa kukaa mkono wa mtu mwema, na hesabu aliifanya: barua zikifutika, anwani ikibadilishwa, kuanzia kesho fomu ni nzima, na nani atajua? Kisha mlango wa mapokezi ukalia, mhudumu akarudi na chai yake ya pili, naye akazima kioo kama aliyefumaniwa.

Nyumbani jioni mke wake alikuwa akipasi nguo.

"Kaka hatakuja Jumapili," alisema bila kuinua uso. "Nimempigia. Anasema hana uso wa kuja kula kwetu wakati kazi imemshinda."

"Nani kasema imemshinda?"

"Si nyinyi? Anasema siku hizi akishika tupa anajiuliza kama mikono yake ilikuwa mizuri kweli, au watu walikuwa wakimsifu tu. Miaka thelathini, baba, anajiuliza leo."

Mtaalamu alitaka kusema. Mdomo aliufungua kabisa. Kilichotoka ni kwamba pasi imekuwa moto mno, itaunguza kola. Mke wake akamtazama, akaiangalia pasi, akaendelea na kazi. Aibu ilikuwa imekosea nyumba: imekwenda kukaa kwa shemeji, na mwenyewe halisi alikuwa ameketi kwenye kochi akisubiri chakula.

Ijumaa kikao kilifanyika kwenye chumba cha chai. Mkuu kichwani mwa meza, mafundi kushoto, mhudumu mpya karibu na mlango na kalamu ya kuandika kumbukumbu. Shemeji alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Mbele ya Mtaalamu kulikuwa na bahasha nene. Asubuhi na mapema alikuwa amechapisha barua zote, na mashine ya kuchapisha ilimaliza wino katikati, hivyo nusu yake zilikuwa za kijivu.

"Kabla hatujaanza," alisema, na sauti ikatoka nyembamba, "kuna jambo limegundulika. Kumetokea hitilafu kwenye mfumo. Barua za matengenezo zilikuwa zinakwenda sanduku lisilo lake."

"Zilikuwepo barua?" mkuu akauliza.

"Mia moja na arobaini hivi."

Chumba kilinguruma. Na kabla hajapata pumzi, huruma ikaanza kummiminikia. Fundi wa vipimo akasema mashine hizi hazina adabu. Fundi wa kuchonga akasema hata benki yake ilimfanyia hivyo hivyo. Mkuu akatikisa kichwa, akasema, "Pole sana, Mtaalamu. Na wewe ulivyoihangaikia fomu ile!" Mhudumu peke yake aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi, akamtazama moja kwa moja, akasubiri kuambiwa aandike nini.

Basi ingeweza kuishia hapo. Meza imepona, shemeji amepona, na mfumo, ambao hauna mke wala mashemeji, ungebeba lawama zote. Mtaalamu alihisi mabega yakishuka kwa nafuu. Ndipo shemeji yake alipogeuka, akamwekea mkono mkubwa begani.

"Pole, shemeji," akasema. "Kazi ya watu ni ngumu."

Wengine wote walisema pole kwa kutojua, lakini huyu alijua. Huyu aliandika barua, akaomba mara tatu, na bado alikuwa tayari kumfunika. Mtaalamu aliutoa ule mkono begani, taratibu, kwa kuwa hakuustahili.

"Si mfumo," alisema. "Ni mimi. Mfumo ulifanya nilivyouambia. Nilipofungua akaunti ya shemeji sikubadilisha anwani, nikakimbilia kupigwa picha. Na yeye aliniambia. Mara tatu aliniambia, na akaandika barua humu ndani kuniambia, na mimi nikamcheka. Mlicheka pamoja nami, lakini nyinyi hamkujua. Mimi nilitakiwa nijue."

Hakuna aliyesema pole safari hii. Fundi wa kuchonga alianza kukwangua plasta kwenye kucha zake. Mkuu alivua miwani.

"Na zile sifuri ulizoniletea kila mwezi?"

"Nilizileta."

"Zilikuwa na rangi nzuri sana," mkuu alisema bila kupandisha sauti, ikawa mbaya zaidi. Kisha akamgeukia mhudumu. "Andika meza ya nne haifungwi. Na picha ile ya ubaoni itolewe leo."

Masikio ya Mtaalamu yaliwaka moto. Hakujua auweke wapi uso wake, akauweka kwenye bahasha, na bahasha shemeji alikuwa ameshaichukua. Shemeji alisoma kama anavyofanya kazi, polepole, kidole kikifuata mstari. Alipita juu ya barua yake mwenyewe bila kusimama. Alisimama mbele zaidi.

"Huyu mama ameandika mara nne."

"Ndiyo."

"Mpigie."

"Mimi?"

"Nani aliahidi siku mbili?" shemeji akauliza. Hapakuwa na utani ndani yake hata chembe.

Walikwenda meza ya nne, wao wawili. Mtaalamu aliweka simu katikati ya bisibisi na karatasi za msasa, akafungua sauti ya nje. Iliita mara nyingi, ikapokelewa, naye akataja karakana.

"Ni wa miguu?" sauti ya mama ikasema, ikiwa na wasiwasi. "Jamani, mmetukumbuka! Nilidhani nimejaza vibaya. Nilimwambia mwanangu, nimekosea mimi mama yako, haya mambo ya kompyuta siyawezi."

"Ulijaza vizuri, mama. Kosa ni langu. Barua zako zote nne nilikuwa nazo mimi, sikuzifungua."

"Usiseme hivyo, baba yangu, mna watu wengi..."

"Hatukuwa na watu wengi," Mtaalamu alisema. "Fundi alikuwa amekaa tu akiwasubiri."

Shemeji aliisogelea simu, akauliza kile kitambaa cha kwenye kiatu kina unene gani. Mama akasema hana hakika, ngoja amwite mwenyewe, na wakasikia jina likiitwa, kiti kikivutwa, hatua zikija: moja nzito, moja nyepesi, moja nzito, moja nyepesi. Shemeji alifumba macho akazisikiliza kama daktari.

"Vidole viwili," alisema mtoto. "Lakini ukikibana ni kimoja na nusu. Ila shuleni siuvai tena huo mguu, naenda na magongo. Nikiuvaa wananiita Bembea."

Shemeji alifumbua macho. Hakumtazama Mtaalamu, wala hakuhitaji. Bembea lilikuwa jina zuri, fupi, la kuchekesha, lenye kushika. Mtaalamu mwenyewe asingelitunga vizuri zaidi.

"Wewe ndiye fundi?" mtoto akauliza.

"Hapana. Fundi ni huyu mwenzangu. Mimi ni karani tu. Mimi ndiye niliyepoteza barua za mama yako."

"Zilipotelea wapi?"

"Hazikupotea mbali. Zilikuwa kwenye kompyuta yangu."

"Miezi yote?"

"Miezi yote."

Watu wazima wote wa siku ile walikuwa wamempa Mtaalamu kitu cha kushikilia, pole au hasira, na vyote vilikuwa na mahali pa kushika. Mtoto hakumpa hata kimoja.

"Mbona hukuzitafuta?" akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua tu.

Mtaalamu aliangalia tupa, akaangalia jiliwa, akaangalia mikono ya shemeji yake iliyotulia juu ya meza. Majibu alikuwa nayo mengi, ya mipangilio, ya nakala, ya anwani, na yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu.

"Nilijiona najua," akasema.

Upande wa pili kiti kikavutwa tena.

"Haya," mtoto akasema. "Mwambie fundi tunakuja Jumatatu."